Mtoto Asingojeshwe Sikio la Pili

Wazee wetu walituachia methali mbili juu ya kungoja, na kila moja ina pahala pake. Ya kwanza yasema subira yavuta heri. Ya pili yasema ngoja ngoja yaumiza matumbo. Mwenye kungojea mvua, mwenye kungojea mume aliyekwenda dago, na mwenye kungojea mkarafuu uzae, hao yawafaa ile ya kwanza. Lakini yupo anayengoja ambaye kila mwezi unaopita humpunguzia kile kile anachokingojea. Huyo ni mtoto kiziwi aliyekwisha kupandikizwa kifaa cha kusikia katika sikio moja, na ambaye wazazi wake wameambiwa wasubiri kifaa cha sikio la pili. Leo safu hii imekusudia kumsemea mtoto huyo.

Kwanza tueleze kifaa chenyewe. Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kidogo kilichojikunja mfano wa gamba la konokono, ambacho wataalamu hukiita koklea. Humo zimo chembe zipatazo 15,000 zenye vinyweleo, na kazi yao ni kuupokea mtikisiko wa sauti na kuugeuza kuwa ishara ambazo mshipa wa fahamu huzichukua hadi kwenye ubongo. Chembe hizo zikifa hazioti tena. Mtoto aliyezipoteza nyingi mno hasaidiwi na shimesikio, yaani kile kifaa cha kukuza sauti, kwa kuwa hata sauti ikikuzwa namna gani hakuna wa kuipokea.

Kipandikizi huipita sehemu iliyoharibika. Nyuma ya sikio huvaliwa kidude chenye maikrofoni na kompyuta ndogo. Kutoka hapo sauti iliyokwisha kupangwa hupelekwa kwenye kisahani kinachoshikwa kichwani kwa sumaku, nacho huipitisha katika ngozi hadi kwenye kipokezi ambacho daktari alikiweka chini ya ngozi wakati wa upasuaji. Kipokezi hupeleka umeme mdogo sana katika uzi mwembamba ulioingizwa ndani ya koklea, wenye vituo 12 hadi 22 kwa kutegemea mtengenezaji. Mshipa wa fahamu huupokea umeme huo, na mtoto hujifunza pole pole kuuelewa kuwa ni sauti. Tusidanganyane: hapati usikivu ule ule wa mtoto aliyezaliwa akisikia. Hupata njia ya kuufikia usemi, na njia hiyo huhitaji mafunzo ya miaka.

Safari ya elimu hii ni ndefu. Mwaka 1957, mjini Paris, André Djourno na Charles Eyriès waliamsha hisia ya sauti kwa umeme katika sikio la mtu aliyekuwa kiziwi. Mwaka 1978, mjini Melbourne, Australia, Profesa Graeme Clark alimpandikiza mgonjwa wake wa kwanza kifaa chenye vituo vingi. Mwaka 1990 Marekani iliruhusu watoto wa kuanzia miaka 2 wapandikizwe, na siku hizi wako wanaopandikizwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Kwa upande wetu, kwa muda mrefu watoto walipelekwa India kwa gharama ya Serikali, hadi mwaka 2017 ilipokuwa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, imeanza kuifanya kazi hii hapa nchini. Hilo ni jambo la kujivunia, na wengi miongoni mwa watoto waliofaidika leo wanazungumza na wazazi wao kwa ulimi wa kwao.

Lakini kifaa hiki ni ghali. Bei yake, pamoja na upasuaji, huhesabiwa kwa makumi ya mamilioni ya shilingi. Kwa sababu ya bei hiyo katika nchi nyingi, hata zile tajiri, desturi ilianza kuwa mtoto apewe sikio moja, na la pili liachwe hadi hapo fedha zitakapopatikana. Ndipo ukazuka usemi kwamba sikio moja latosha na la pili ni ziada. Usemi huo hatuna budi kuupima.

Mwenyezi Mungu hakumpa binadamu masikio mawili ili moja liwe akiba. Kichwa ni kizuizi cha sauti: sauti itokayo upande wa kulia hulifikia sikio la kulia kwa nguvu zaidi na mapema zaidi, ijapokuwa tofauti ya wakati haifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ubongo huzilinganisha sauti za pande mbili, na kwa ulinganisho huo mtu hujua ameitwa kutoka wapi. Mtoto mwenye sikio moja husikia honi lakini hajui gari inatoka upande gani. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe, ambako vespa hutokeza kwenye kona bila ya taarifa, na katika barabara ya Darajani saa ya msongamano, kutojua upande kwaweza kuwa ajali.

Faida ya pili ya masikio mawili ni kuitenga sauti moja katikati ya makelele. Atakaye ushahidi na aingie darasani katika skuli zetu, ambamo wanafunzi ni wengi, bati la paa linapigwa na mvua, na darasa la jirani wanaimba mahesabu yao. Mtoto mwenye sikio moja, aliyekaa na upande wake wa uziwi ukimwelekea mwalimu, hukosa nusu ya somo, kisha huambiwa ni mzito wa kufahamu. Jioni hurudi nyumbani amechoka kuliko wenzake, kwa sababu amefanya kazi ya kusikiliza ambayo wenzake huipata bure.

La tatu linawahusu hasa watu wa visiwani. Kifaa ni mashine, na mashine huharibika. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, betri humalizika, waya hukatika. Mwenye vifaa viwili, kimoja kikiharibika, hubakia na cha pili. Mwenye kimoja hurejea katika ukimya kamili, na ukimya huo hudumu hadi fundi apatikane, kipuri kiagizwe na boti ipandwe.

Sasa tuje kwenye wakati, ambao ndio moyo wa jambo hili. Ubongo wa mtoto mchanga uko tayari kujengwa na sauti, ila utayari huo una muda wake. Uchunguzi uliofanywa Marekani na Anu Sharma na wenzake, uliochapishwa mwaka 2002, ulionesha kwamba watoto viziwi waliopandikizwa kabla ya kufikia kiasi cha miaka mitatu na nusu, ubongo wao uliipokea sauti kwa kasi inayokaribia ile ya watoto wanaosikia. Na wale waliopandikizwa baada ya miaka 7, wengi wao hawakuifikia kasi hiyo. Sehemu ya ubongo isiyopata sauti haikai bure. Hushikwa na kazi nyengine. Wahenga wetu walilisema hilo kwa maneno machache: udongo uwahi ungali maji.

Jambo hilo hilo hutokea baina ya sikio na sikio. Mjini Toronto, Kanada, Karen Gordon, Blake Papsin na wenzao katika hospitali ya watoto ya mji huo waliwapima watoto waliopewa kipandikizi kimoja kwanza na cha pili baadaye. Waliona kwamba kipindi cha kusikia kwa sikio moja kikizidi kiasi cha mwaka mmoja na nusu, ubongo huelemea upande huo na kuupa sikio lile lile enzi yote. Sikio la pili likija baadaye hukuta nafasi yake imekwisha kukaliwa. Haina maana kwamba halifai kitu. Watoto wengi wamefaidika nalo hata baada ya miaka. Lakini hulazimika kufundishwa upya kwa juhudi kubwa, wengine huchoka na kukivua kifaa, na ule ushirika wa masikio mawili hauwi imara kama ungalikuwa lau vingaliwekwa pamoja.

Na yupo mtoto ambaye kwake hata mwaka mmoja na nusu ni anasa. Huyo ni yule aliyepoteza usikivu kwa homa ya uti wa mgongo. Baada ya homa hiyo koklea yaweza kuanza kujaa mfupa, mara nyengine katika muda wa wiki chache tu, na ikishajaa ule uzi wa daktari hauna pa kupita. Kwa mtoto huyo masikio yote mawili hutakiwa kushughulikiwa kwa haraka, kwani ukishafungwa mlango huo hata fedha zikipatikana hazina kazi.

Tumetaja kungoja, lakini kungoja kwa mtu wa visiwani kuna sura yake. Mzazi wa Micheweni au Makangale ambaye mwanawe amepelekwa Muhimbili, kwanza hutafuta nauli ya kufika Wete au Mkoani, kisha hupanda meli hadi Unguja, kisha boti ya Dar es Salaam, na huko hutafuta jamaa wa kumpokea. Upasuaji wenyewe ni siku moja, lakini kazi haiishi hapo. Kifaa huwashwa baada ya wiki kadhaa, jeraha likishapona, na tangu hapo mtoto hutakiwa kurudi mara kwa mara ili mtaalamu akipime na kukirekebisha kulingana na usikivu unavyokua. Mwaka wa kwanza una safari nyingi. Mama aliyeacha vitoto vingine nyumbani, au baba mvuvi aliyeacha msimu wa bahari shwari, hulipa gharama ambayo haiandikwi katika risiti yoyote.

Ikiwa sikio la pili litatengwa na la kwanza, mlolongo wote huo hurudiwa tangu mwanzo: dawa ya usingizi mara ya pili, jeraha la pili, kuwashwa kwa pili, mwaka mwengine wa safari. Afisa anayehesabu bei ya vifaa peke yake huona kwamba ameokoa. Akiziongeza nauli, siku za kitanda na miezi ya mafunzo ya kulifundisha upya sikio lililochelewa, atakuta kwamba sehemu kubwa ya alichookoa imekwisha kuliwa.

Tunalijua jibu litakalotolewa, nalo ni jibu zito. Litasemwa kwamba wako watoto wasiokuwa na hata sikio moja; je, ni haki mmoja apewe mawili na mwenziwe akose kabisa? Safu hii haitalikwepa swali hilo. Pale ambapo fedha zilizopo zinatosha kifaa kimoja tu, na mlangoni wamesimama watoto wawili, asiyekuwa na kitu atangulie. Hakuna mzazi muungwana atakayelipinga hilo. Ila kutanguliwa ni jambo moja na kusahauliwa ni jambo jengine. Haki ya mtoto asiye na kitu isigeuzwe kuwa pazia la kufunika jalada la mwenziwe kwa miaka mitano bila ya neno. Wote wawili saa yao inakwenda, na dawa ya uchache wa vifaa ni kuutafutia fedha uchache huo, kuliko kuwagombanisha wanaongoja.

Nchi nyengine zimelipitia jambo hili, na zimo zilizo visiwa kama sisi. Mwezi wa Januari 2009 taasisi ya umma ya Uingereza inayopima manufaa na gharama za matibabu, iitwayo NICE, ilipendekeza kwamba watoto wenye uziwi mkubwa wasiofaidika na shimesikio wapandikizwe masikio yote mawili kwa wakati mmoja, na kwamba wale waliokwisha kupewa moja kabla ya hapo waweze kupewa la pili ikiwa daktari wao ataona litawafaa. Katika hesabu zao waligundua pia kwamba wako watengenezaji waliokuwa tayari kupunguza bei ya kifaa cha pili. Hilo maafisa wetu wa manunuzi na walitie maanani: anayenunua viwili kwa pamoja ana sauti mbele ya muuzaji.

Ayalandi ilichelewa. Hospitali ya Beaumont, mjini Dublin, ilianza kupandikiza mwaka 1995, nayo ilikuwa ndiyo pekee ya nchi nzima. Kwa miaka mingi mtoto wa Ayalandi alipata sikio moja na kurudi nyumbani, huku watoto wa umri wake ng'ambo ya bahari, Uingereza, wakipata mawili. Wazazi wakaungana, wakaziandikia ofisi, wakawaendea wabunge na kueleza kwa utulivu maana ya muda kwa watoto wao. Mwaka 2014 Serikali ilitoa fedha na upasuaji wa masikio mawili ukaanza, wakiwamo watoto waliokuwa wakingojea la pili. Sababu za kitaalamu walizozitaja zilikuwa zinajulikana tangu zamani. Lililobadilika ni kwamba waliokuwa wakingoja walihesabiwa, na hesabu yao ikawekwa mezani.

Nasi tunasema kwamba wanaongoja wahesabiwe. Haya ndiyo tunayoyapendekeza kwa wahusika wa Wizara ya Afya na wa Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2023.

Kwanza, kila mtoto anayezaliwa katika hospitali zetu apimwe masikio kabla ya kuondoka au katika siku za chanjo. Kipimo hakiumizi, huchukua dakika chache, na hufanywa mtoto akiwa amelala. Uziwi unaogunduliwa mtoto akiwa na miaka minne, kwa kuwa hajasema, umekwisha kula muda wa masikio yote mawili.

Pili, pawe na daftari moja la watoto wanaongoja, na ndani yake pamoja na tarehe ya kupokelewa ombi iandikwe tarehe ya kuzaliwa mtoto na sababu ya uziwi wake. Foleni ipangwe kwa kuzingatia umri wa mtoto na hali ya koklea yake. Jalada laweza kuwa jipya na mtoto akawa amekwisha kuchelewa.

Tatu, mzazi apewe jawabu kwa maandishi: ndiyo, na lini, au hapana, na kwa nini. Anayeambiwa hapana anajua kwamba atafute njia nyengine, auze shamba, awaombe jamaa walioko Muscat au Dubai. Anayeambiwa ngoja, mwaka baada ya mwaka, hufungwa mikono.

Nne, wataalamu wa kuvipima na kuvirekebisha vifaa wasomeshwe na wakae hapa visiwani, Unguja na Pemba, pamoja na akiba ya betri, nyaya na visahani. Hapana haja ya kuivusha bahari familia nzima kwa ajili ya waya.

Tano, pale daktari anapoona inafaa, mtoto mpya apangiwe masikio yote mawili kwa safari moja, na mtoto wa homa ya uti wa mgongo apewe njia ya dharura.

Kwa upande wa wazazi, nao tuna neno. Sikio linalongoja lisiachwe kimya. Ikiwa limesalia na usikivu hata kidogo, mwulizeni mtaalamu kama shimesikio laweza kuvaliwa humo, ili mshipa na ubongo wa upande huo usizoee ukiwa. Kifaa kilichopo kivaliwe kutwa nzima, kivuliwe wakati wa kuoga na kuogelea, na usiku kiwekwe katika kichupa kikavu chenye dawa ya kunyonya unyevu. Zaidi ya yote, mtoto asingojeshwe lugha. Lugha ya alama ni lugha kamili, na haimzuii mtoto kujifunza kusema. Wako viziwi wengi walioishi kwa heshima na elimu kwa lugha hiyo, na Chama cha Viziwi Zanzibar kimekuwa kikiipigania. Wako pia wazazi wanaoamua kwamba upasuaji hauwahusu, nao wasidharauliwe. Mtoto mwenye lugha mikononi mwake hungoja akiwa anafikiri, anauliza na anacheka na wenzake. Asiyepewa yoyote hungoja gizani.

Tusisahau pia kinga, kwani Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto hutokana na sababu zinazozuilika. Chanjo ya surua na rubela, iliyoingizwa katika ratiba ya nchi yetu mwaka 2014, ni kinga ya masikio pia. Kadhalika ni tiba ya mapema ya manjano ya watoto wachanga, ya usaha wa masikio, na uangalifu katika sindano za dawa zinazojulikana kudhuru usikivu. Kila shilingi inayotumika hapo huifupisha foleni tunayoilalamikia.

Visiwa vyetu si vikubwa, na watoto wanaozungumzwa hapa hawafiki idadi ya kuishinda Serikali iliyoamua. Majina yao yaweza kuenea katika daftari moja. Tunawaomba waheshimiwa wanaohusika walifungue daftari hilo mwaka huu wa fedha, waandike umri wa kila mmoja kwa miezi, na wapange bajeti wakiwa nalo mkononi.